Zamu ya Mchana

Asubuhi ile Uchbulak nzima ilikwenda kukata majani. Ndivyo ilivyo kwetu mwezi wa saba ukifika katikati: asiyekata majani yake jua likiwapo, ng'ombe wake watamlilia theluji ikianguka. Wanaume walipita na miundu mirefu mabegani, wanawake wakafuata na reki na madumu ya maziwa ya farasi, wakitaniana kwamba kuna mtu mwaka jana alilala kivulini mpaka majani aliyoyakata yakaota upya. Kufika saa tatu kijiji kilibaki na kuku, mbwa, wazee wasiojiweza, na Saikal.

Saikal ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Haya alinisimulia mwenyewe, na machache niliyaona kwa macho yangu. Siku ile alikuwa mzazi wa siku tisa. Alikuwa ameegemea mito, anakunywa mchuzi wa kondoo aliopikiwa na mama mkwe wake, na mtoto amelala kando yake ndani ya beshiki, kile kitanda cha mbao cha kubembelezea kilichomlea mumewe na babu wa mumewe. Mtoto alipewa jina saa ile ile aliyozaliwa: Tokto, maana yake "simama". Kwetu anayezaliwa baada ya ndugu zake kufa hupewa jina la namna hiyo. Jina hilo si la kumsifu, ni la kumwamuru abaki.

Tuna desturi pia. Mzazi na kichanga hawaachwi peke yao mpaka watimize arobaini. Chini ya mto huwekwa kisu, moto hauzimwi, na lazima chumbani awepo mtu aliye macho. Yote ni kwa ajili ya Albarsti, mwanamke wa nywele za manjano anayewavizia wazazi, tena si usiku kama wageni wanavyodhani, bali adhuhuri, nyumba zikiwa kimya. Huchukua mapafu. Nani amemwona? Hakuna. Nani amewahi kumwacha mtoto makusudi ili aone kama kweli atakuja? Hakuna pia, na hapo ndipo penye nguvu ya jambo lenyewe. Ukilinda na mtoto akapona, ulinzi umefaa. Ukilinda na mtoto akafa, basi mahali fulani ulizembea.

Saikal alikuwa akifundisha biolojia katika shule ya kijiji, na hila hiyo aliijua vizuri. Zamani alikuwa akiicheka. Lakini mtoto wake wa kwanza, binti, alilindwa kwa kila kitu na akafa siku ya kumi na saba. Siku ile Saikal alishikwa na hamu ya chumvi. Akamtuma wifi yake Nurzat, mdogo wa mumewe, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba, akamchotee kibakuli ghalani. Nurzat aliporudi, mama yake, Zuurakan, alikuwa amesimama kando ya beshiki na mtoto mikononi. Mtoto alikuwa wa baridi. "Nani alitoka humu?" ndilo neno la kwanza alilosema mama huyo, na halikuhitaji la pili.

Wa pili Saikal alimzalia mjini, kwa hasira, bila kisu wala moto. Alikufa siku ya kumi na moja. Karatasi ya daktari ilisema mapafu. Zuurakan alisomewa karatasi ile neno kwa neno, akatikisa kichwa kukubali. Mapafu, ndiyo. Yeye alikuwa akisema hivyo tangu mwanzo.

Sasa yupo Tokto, na Saikal hakuwa tena na nguvu za kubishana na mtu. "Siamini," alimwambia mumewe Kubat kabla hajapanda na kondoo kwenye malisho ya juu, "lakini sithubutu."

Kabla ya kwenda shambani asubuhi ile Zuurakan aliingiza mkono chini ya mto, akakigusa kisu, akasogeza makaa, kisha akamgeukia binti yake. Nurzat sasa alikuwa na miaka ishirini na moja, anasomea uuguzi mji mkuu, na alikuwa amerudi likizo.

"Humwachi," Zuurakan akasema.

"Simwachi, mama."

"Hata akitaka chumvi."

Nurzat aliinamisha uso, akaanza kukunja nguo za mtoto ambazo zilikwisha kukunjwa.

Mama mtu alipoondoka, Saikal alimtazama wifi yake kwa muda mrefu.

"Wifi, unaniangalia kama polisi wa mpakani," Nurzat akasema. "Mimi ndiye niliyeambiwa nikulinde."

"Utakaa kweli?"

"Nitakaa mpaka niote mizizi. Mwakani mtakuja kunikata pamoja na majani."

"Usinichekeshe, mshono unauma." Saikal akamshika mkono. "Najua wewe huamini. Mimi pia siamini. Lakini usiniache, Nurzat. Huyu akiondoka, na mimi nimekwisha."

Nurzat akachukua kipande cha mkate siniani pale, akakigusisha kwenye paji la uso. "Nikikuacha peke yako, mkate huu unipige," akasema. Kiapo cha mkate kwetu hakifanyiwi mzaha, hata na wahuni. Saikal akalala, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue alilala fofofo.

Aliamka katikati ya mchana, mwili unawaka homa ya maziwa. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Nurzat alikuwa amepiga magoti kando ya beshiki, amempa mgongo, kitambaa cheupe kichwani, anabembeleza. Mbao zilikuwa zikilia taratibu, kwi, kwi, kwi.

"Amelia?" Saikal akauliza.

"Lala," akajibiwa kwa sauti ya chini.

Akalala.

Ikawa hivyo kila siku. Watu wakienda shambani, Nurzat anakaa. Saikal akizinduka adhuhuri anauona ule mgongo, anausikia mlio wa mbao, roho inatulia. Wakati mwingine alisikia wimbo usio na maneno, wa puani tu. Mara moja, siku ya kumi na nne au ya kumi na tano, aliona mikono imeshika ukingo wa beshiki. Vidole vilikuwa vyeupe na vimekunjamana kwa maji, kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Akawaza, maskini Nurzat, bado anapata nafasi ya kufua.

"Mbona hugeuki?" alimuuliza siku nyingine.

"Ataamka."

Mtoto alinenepa. Maziwa ya Saikal yalikuwa haba tangu mwanzo, na mchana Tokto hakuyataka kabisa. Akipewa ziwa saa tisa aligeuza uso, ameshiba, na pembeni mwa mdomo wake mna maziwa yaliyokauka. Jioni moja Saikal alimuuliza wifi yake kama anampa ya ng'ombe kwa siri. Nurzat akacheka. "Mimi? Thubutu. Mama angenichuna ngozi." Saikal akaona anamficha, akamwacha. Mtoto ni mzima, basi na siri iwepo.

Alimpenda Nurzat kuliko ndugu wa tumbo moja. Alimwambia Kubat, aliposhuka kutoka malishoni, kwamba mwanamke akipata wifi wa namna hiyo hana haja ya dada. Akatoa kwenye sanduku herini za fedha alizoachiwa na marehemu mama yake, akazing'arisha kwa majivu, akaziweka tayari kwa siku ya arobaini.

Siku hiyo tulikuja wote. Maji ya kumwogesha mtoto huchotwa vijiko arobaini, na kila mwanamke alitia chake huku Zuurakan akihesabu kwa sauti, machozi yanamtiririka na wala hayafuti. Kisha ile shati ya kwanza ya mtoto, shati ya siku arobaini, hufungwa shingoni mwa mbwa pamoja na peremende, mbwa atimue nayo na watoto wamkimbize. Mbwa wao alikuwa mlafi anayejulikana kijiji kizima. Aliinusa shati mara moja, akarudi nyuma kwa tumbo mpaka chini ya gari la farasi, na hakuna aliyeweza kumtoa. Tukacheka. Shati ikafungwa kwa mbwa wa kwangu, naye nilimkuta jioni ameitafuna shati akaizika.

Wageni walipotoka kwenda kula uani, chumbani walibaki watatu na mtoto. Saikal alimwita Nurzat karibu, akamwekea herini kiganjani.

"Za mama yangu," akasema. "Nisingempa mtu mwingine."

Nurzat alizitazama. Uso ulimshuka, halafu ukapanda tena, ukawa na furaha ya ajabu kidogo.

"Wifi, siwezi kupokea kabla sijasema. Na ni habari njema. Keti, mama, na wewe sikia." Akatoa mfukoni kidaftari cha shule. "Siku ya tisa nilitoa kisu chini ya mto. Kiko kwenye begi langu mpaka leo, jioni nilikuwa naweka kijiko kikubwa mahali pake ili mama akipapasa aguse chuma. Makaa nilikuwa nayatoa. Na kila siku saa sita, ukishalala, nilikuwa natoka. Saa tisa narudi."

Akafungua kidaftari kwenye ukurasa wa kwanza.

"Nilipanda kule kilimani simu inakoshika, au nililala chini ya miti kando ya mto. Nimeandika kila siku. Siku ya tisa, nimetoka kwa muda wa saa tatu, mtoto mzima. Siku ya kumi, mtoto mzima. Mistari thelathini na mmoja, wifi. Hakuna kisu, hakuna moto, hakuna mtu. Na mtazame. Mtazameni alivyonona." Akakifunga kidaftari. "Miaka minne nimekibeba kile kibakuli cha chumvi. Kila mtu humu ananitazama mikono. Sasa imeonekana. Haikuwa chumvi. Haikuwa mimi."

Saikal alikuwa bado ameunyoosha mkono uliotoa herini.

"Uliapa kwa mkate," akasema.

"Ningekwambia ungeogopa, na woga ungekudhuru. Ilibidi usijue."

"Ulimtumia mwanangu."

"Nilimtumia kumwokoa na—"

"Angekufa ungeandika nini?"

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini ukikisikia kinauma huulizi kama kilikuwa na nia njema. Ndipo lilipomfikia Saikal jambo lingine, taratibu, kama maji yanayoingia chini ya mlango.

"Nurzat. Nani alikuwa amekaa hapa?"

"Wapi?"

"Hapa. Kwenye beshiki. Kila siku nikiamka ulikuwepo."

"Wifi, nimekwambia nilikuwa natoka."

"Kitambaa cheupe. Umepiga magoti. Nikikusemesha unaniambia lala."

"Ulikuwa na homa."

"Siku thelathini na moja?"

Nurzat akatazama kichwani mwa mama yake, akajigusa kichwa chake mwenyewe. Alikuwa amevaa kitambaa cha buluu. Hana cheupe. Kwetu binti ambaye hajaolewa havai kitambaa cheupe, na Saikal, mwalimu, mwenye macho yake, hakuwa ameliwaza hilo hata siku moja.

Nje watu walikuwa wakicheka. Mtoto alikuwa macho, ametulia.

Aliyesema kwanza ni Zuurakan. Alikuwa amekaa chini kabisa, sakafuni, mikono mapajani. Alisema kwa kunong'ona, nao ikabidi wainame kumsikia.

"Hakuondoka kwa sababu ya chumvi."

"Nani?" Saikal akauliza.

"Yule binti. Wa kwanza. Alifia mikononi mwangu alfajiri. Kisu kilikuwepo. Moto ulikuwepo. Mimi nilikuwa macho, namtazama usoni. Akaacha tu kupumua. Sikufumba jicho, wallahi. Nikamrudisha kitandani, nikamfunika. Nikatoka nje, uani. Sikujua nitasema nini. Nilipomwona Nurzat anakwenda ghalani, nikaingia."

Nurzat alitoa sauti ndogo, si kilio, kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Mama. Miaka minne."

"Ningesema kwamba vyote vile havikufaa kitu, aliyefuata ningemlinda kwa kitu gani?" Zuurakan akasema. "Ningeshika nini mkononi? Afadhali kosa liwe la mtu. Kosa la mtu hurekebishwa."

"Mtu mwenyewe ni mimi," Nurzat akasema.

Saikal alikuwa akiwaza kwamba mwili wa mtoto haupoi kwa muda mfupi wa kuchota kibakuli cha chumvi. Hulifundisha jambo hilo darasa la tisa, jinsi mwili unavyopoteza joto. Angeweza kuuliza siku ile ile. Hakuuliza, na kwa miaka minne alikula chakula bila chumvi kama kujiadhibu, na mama mkwe wake alikuwa akimpakulia na kumtazama akila.

Mmoja alikuwa na imani akamdanganya ili aitunze. Mwingine hakuwa nayo, naye akamdanganya ili aivunje. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wote wawili walikuwa wamelijua hilo. Hakujua amchukie nani zaidi, akaona hasira yake haina pa kukaa, akamchukua mtoto na kugeukia ukutani mpaka wakatoka.

Nurzat aliondoka kesho yake asubuhi kwa gari la maziwa. Herini aliziacha juu ya mto. Kisu alikirudisha mikononi mwa mama yake, na Zuurakan, bila kumuuliza mtu, akakiweka pale pale kilipokuwa, ingawa arobaini ilikwisha timia. Akawasha na makaa. Akakaa yeye mwenyewe, macho kodo.

Tokto alianza kulia saa sita kamili.

Alilia mpaka saa tisa. Alikataa ziwa. Siku ya pili vilevile. Maziwa ya Saikal, yaliyokuwa haba, yalikauka kabisa kwa fadhaa. Walinunua maziwa ya unga, akayatapika. Ya ng'ombe, akayatapika. Ya mbuzi, akageuza uso. Siku ya tatu mashavu yalikuwa yamemshuka, na muuguzi wa zahanati alipomweka kwenye mizani aliitazama mara mbili, akasema mkiona hali hii mpaka kesho, nendeni mjini. Zuurakan aliongeza kisu cha pili.

Siku ya nne Saikal alimwambia mama mkwe wake aende shambani, mvua inakuja na majani yako nje. "Mimi sina homa tena. Nitakaa macho."

"Visu?"

"Vipo."

Zuurakan alipovuka daraja, Saikal alivitoa visu vyote viwili. Akavipeleka ghalani, akavifunika na gunia. Akatoa makaa. Akafunga mapazia. Nilipomuuliza baadaye alikuwa akifikiri nini, alisema alikuwa mwalimu anayerudia jaribio ambalo mwanafunzi wake alilifanya vibaya. Alitaka kuona. Akakaa kwenye godoro, mgongo ukutani, macho kwenye beshiki.

Saa sita ilifika. Mtoto alikuwa akilia kwa sauti iliyokwisha nguvu.

Nje hapakuwa na upepo. Kuku walinyamaza.

Mtoto akanyamaza.

Saikal aliinuka polepole. Mlango ulikuwa umefungwa. Chumbani hapakuwa na mtu. Alimsogelea Tokto kwa upande, akainama.

Mtoto alikuwa amefungua mdomo. Midomo yake ilikuwa imefanya duara, imebana. Mashavu yalikuwa yakiingia na kutoka.

Alikuwa ananyonya.

Mbele ya uso wake hapakuwa na kitu. Saikal aliona hewa tupu na vumbi likielea kwenye mwanga wa pazia. Koo la mtoto lilikuwa likimeza. Mara moja. Mara mbili. Kitone cheupe kilitokea pembeni mwa mdomo, kikashuka kidevuni.

Mkono mdogo ulipanda, ukashika kitu. Ukatulia hapo, umekishika.

Kisha beshiki ikaanza kwenda. Kwi. Kwi. Kwi.

Saikal alijua visu viko wapi. Ghala ni hatua ishirini. Angeweza kuvirudisha, mtoto angelia, na keshokutwa wangekuwa njiani kwenda mjini, na alikwisha kuiona karatasi ya mjini. Angeweza kupiga kelele. Alisimama pale na mikono yake mitupu, na matiti yake makavu, akimtazama mwanawe akishiba.

"Ana gesi," hatimaye alinong'ona. "Usimlaze haraka."

Beshiki ikapunguza mwendo.

Akatoka, akafunga mlango nyuma yake, akakaa kizingitini mpaka saa tisa.

Zuurakan aliporudi alimkuta mtoto amelala, mashavu yana rangi. Akapapasa chini ya mto, akagusa chuma. Saikal alikuwa ameweka kijiko.

"Unaona?" mama mkwe akasema, na machozi yakamlenga. "Nilikwambia ni visu."

"Ndiyo, mama."

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuingia chumba kile adhuhuri. Saikal alisema mtoto akiamshwa hulia. Sisi majirani tulimwona kizingitini kila siku, jua na baridi, mpaka theluji ilipoanguka akawa anakaa hapo na koti la mumewe, na tukamsifu kwa ulinzi wake. Mwezi wa kumi Nurzat alipiga simu, Saikal akaipokea kilimani, nami nilikuwepo nikingoja zamu yangu ya kupiga.

"Mtoto vipi?"

"Mzima."

"Mnatumia kisu?"

"Hapana. Hatutumii."

"Basi umeona, wifi," Nurzat akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Umeona sasa?"

"Nimeona," Saikal akasema.

Akakata. Hakumwambia mama mkwe wake kwamba imani yake ilikuwa na kitu ndani, wala hakumwambia wifi yake alichokiona, kwa sababu yeyote kati yao angekuja na visu, au na daftari. Mumewe Kubat aliambiwa tu kwamba kila kitu kinakwenda vizuri. Mimi aliniambia mwaka mmoja baadaye, baada ya lile la mwezi wa tano.

Tokto alikuwa na miezi kumi, mnene, meno manne, mtoto wa kwanza wa Saikal kuuona msimu wa maua. Ilikuwa asubuhi tu ya kawaida. Zuurakan alikuwa akimimina chai, Saikal amempakata mtoto, anamlisha vipande vya andazi vilivyolowekwa. Mtoto akaacha kutafuna. Akanyanyua mikono yote miwili, akatabasamu, akasema kwa sauti ya wazi kabisa:

"Mama."

Zuurakan aliweka birika chini. "Umesikia? Kasema. Mwanangu, kasema, kakuita."

Saikal alitabasamu, maana ilibidi. Mikono ya mtoto ilikuwa imenyooshwa kupita bega lake. Macho ya mtoto yalikuwa yakitazama nyuma yake, juu kidogo, mahali pa uso wa mtu aliyepiga magoti.

Hakugeuka mpaka mama mkwe wake alipokwenda kuwaambia majirani. Alipogeuka hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta, na beshiki, na zulia la sufu alilolifuma mwenyewe wakati wa mimba, ambalo halikuwa na mwaka mmoja. Kando ya beshiki zulia lilikuwa limekwisha. Mahali pawili, mviringo, bega kwa bega, sufu ilikuwa imesagika mpaka nyuzi za chini zinaonekana.

Saikal alimweka mtoto ndani ya beshiki. Akapiga magoti pale, goti moja kila mahali, akanyoosha shingo juu ya beshiki na kusema, "Mimi hapa. Mama ni mimi." Magoti yake yalizama katikati ya mashimo yale na kuacha nafasi pande zote. Tokto alimtazama kwa upole, bila kulia, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.